Muulize Mama Fundi: Intakomu Inamwamsha Mtoto

*Shikamoo Mama Fundi. Nimepanga Kileleshwa, ghorofa ya nne, na nina mtoto wa miezi miwili. Kwenye korido, mkabala na chumba cha kulala, kuna intakomu ya ukutani. Haina mkono wa simu. Ina spika na vitufe viwili tu, cha kuongea na cha kufungua geti. Soja akibonyeza kule chini, inalia kama honi ya matatu ya Rongai. Boda wa chakula, mtu wa gesi, mtu wa maji, hata wageni wa jirani wakikosea namba, wote wanamwamsha mtoto wangu. Nilibandika pamba na selotepu juu ya matundu, sasa nikitaka kumsikiliza soja simsikii. Baba mtoto anataka kukata waya mmoja yaishe. Shemeji yangu, anayetengeneza redio, anasema atatuwekea volyumu, kile kitasa cha kuzungusha sauti, ya redio kuukuu, ya omu 10,000. Ni salama? Na mwenye nyumba hatatukata depositi?*
*— Mama Mchanga, Kileleshwa*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama.

Mwambie baba mtoto arudishe koleo kabatini. Waya anaotaka kuukata si wake peke yake. Katika majengo mengi hapa Nairobi nyaya za intakomu hupanda kutoka getini kupitia kila ghorofa, na nyumba zote hugawana baadhi yake: wa sauti, wa kurudi, wa kufungulia geti. Ule wa kuita ndio kila nyumba huwa na wake. Akikata usiofaa, au ncha mbili zikigusana humo ukutani, jengo zima litanyamaza na msimamizi ataanza kubisha mlango kwa mlango akimtafuta aliyefanya hivyo. Na hata akibahatisha ule wa kwenu, siku mtoto akipandwa na homa usiku na ambulensi iko getini, soja atabonyeza mpaka kidole kimchoke.

Shemeji yako ana wazo zuri na kifaa kibaya. Volyumu ya redio hukaa kabla ya amplifaya (kikuza sauti), mahali ambapo sauti bado ni umeme hafifu mno. Yeye anataka kuiweka baada ya amplifaya, kati ya bodi na spika, ambako kuna mkondo wa kweli. Spika yenu pengine ni ya omu 8 (omu hupima jinsi kitu kinavyouzuia umeme). Ukiitangulizia volyumu ya omu 10,000, kazi yote itafanyika kwenye ncha ya kwanza kabisa ya mzunguko: gusa kidogo, kimya, rudisha kidogo, kelele. Njia ya kaboni iliyo ndani yake haikuundwa kubeba mkondo wa spika, kwa hiyo pale pale mwanzoni itaungua na kuanza kukwaruza.

Kinachonitia hofu zaidi ni mguu wa tatu wa hiyo volyumu. Fundi wa redio mkono wake umezoea kuupeleka mguu huo kwenye ardhi, yaani waya wa kurudishia umeme. Amplifaya nyingi ndogo za siku hizi huisukuma spika kutoka pande zote mbili, wala hakuna upande wa spika ulio ardhi. Ukiulazimisha mmoja kwenda ardhini unaweza kuua chipu ya sauti, na hapo ndipo hadithi ya depositi itakapoanza.

Kwa hiyo tuanze upya, na tuanze bila kununua kitu. Chunguza chombo chenyewe, pembeni na upande wa chini. Nyingi zina kiswichi kidogo cha kusukuma chenye nafasi mbili au tatu za sauti ya kengele, na mara nyingi kimefunikwa na vumbi au rangi ya ukuta. Kama ni ile ya skrini, ingia kwenye menyu utafute mlio na ukubwa wake; zingine hata zina saa za kunyamaza usiku. Kama hakuna, fungua kifuniko (nitakuambia baada ya muda jinsi ya kukifungua bila kujidhuru) utazame bodi. Ukiona kidude kidogo cha mraba au mviringo chenye mkato wa bisibisi katikati, hicho ni kirekebisho cha sauti. Piga alama kwa kalamu mahali kilipo, halafu kizungushe pole pole kwa bisibisi ndogo, soja akipiga kengele. Kikifika mwisho kiache, huvunjika upesi. Nimeona watu wakilipa fundi elfu kadhaa kwa kazi ambayo kiwandani walishaiwekea kirekebisho. Ila usiende kugusa virekebisho vya ile paneli ya getini. Vile ni vya watu wote.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyika. Wengi huniambia, “Mama, intakomu ni volti 12, haiwezi kuniua.” Nyingi kweli ni volti 12 hadi 24. Lakini mimi nilianza kazi enzi za Posta na Simu, kabla shirika halijagawanywa mwaka 1999, na najua kwamba majengo mengine ya mji huu hayana intakomu halisi. Yana simu za kawaida za mezani zilizofungwa kwenye swichibodi ndogo chini, unabonyeza 0 au 9 kumpata soja. Laini ya namna hiyo ikitulia huweza kuwa na volti 48 za DC, na kengele ikilia hupanda hadi volti 75 au 90 za AC. Ikikukamata umesimama juu ya stuli na bisibisi mkononi, huenda usiuawe na umeme, ukauawa na sakafu. Kwenye simu hizo hakuna haja ya kufungua chochote: geuza simu chini, tafuta swichi ya kengele, iweke kwenye sauti ya chini. Kama haina, nunua simu nyingine yenye swichi hiyo. Usifunge rezista (kidude kidogo cha kuzuia mkondo) kwenye laini ya simu, itavuruga mazungumzo na kengele pia.

Yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ni intakomu halisi. Hata hivyo pima kwanza, na apime anayeijua mita. Waya wa stima wa volti 240 huweza kupitishwa bomba moja na waya wa intakomu na fundi mvivu, na kuna vyombo vya bei nafuu ambavyo adapta yake imefichwa nyuma ya chombo chenyewe, ndani ya ukuta wako. Weka mita kwenye AC, kiwango cha juu kabisa, upime waya kwa waya, kisha DC. Ukipata zaidi ya volti 30 mahali popote, rudisha kifuniko na utafute fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Na ukishuka kwenye kibanda cha soja kufuatilia nyaya, usiguse chochote. Humo ndimo hukaa mashine ya ua wa umeme, inayotoa mipigo ya volti elfu kadhaa, na nyaya zake hazina adabu ya kujitambulisha.

Kabla shemeji hajagusa bodi, mwombe msimamizi azime umeme wa intakomu kule kwenye chumba cha mita. Mwambie pia soja. Geti likiwa na kufuli la sumaku, umeme ukikatika hufunguka lenyewe, ndivyo lilivyoundwa ili watu watoke wakati wa moto. Kwa dakika hizo soja asimame pale getini, la sivyo mtazima kelele ya mtoto na kuingiza mwizi.

Ndani ya kifuniko utaona nyaya za aina mbili. Zile zinazotoka ukutani na kuingia kwenye skrubu za bodi ni za jengo. Usizilegeze, usizikate, usiziongezee chochote. Kwenye mifumo mipya yenye nyaya mbili tu, nyaya hizo hizo hubeba umeme, sauti na namba ya nyumba yako kwa pamoja, na rezista ukiiweka hapo chombo hakitapungua sauti, kitachanganyikiwa. Zile nyembamba mbili zinazotoka kwenye bodi kwenda kwenye spika, hizo tu ndizo shemeji aruhusiwe kushika.

Achomoe waya mmoja wa spika, apime omu za spika. Ya omu 8 itaonyesha 6 au 7 hivi kwenye mita, asishangae. Intakomu nyingine zina spika za omu 16, 32 au karibu 50, ndiyo maana napenda ipimwe kabla ya kwenda mjini. Badala ya volyumu, atatanguliza rezista kwenye waya huo. Kanuni yangu ni kwamba iwe mara mbili na nusu au mara tatu ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8, chukua ya omu 22. Itashusha sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 11 na nusu, na sikio la binadamu husikia desibeli 10 kama kupungua kwa nusu. Watu huweka rezista ya omu 8, wanaona umeme unaofika kwenye spika umebaki robo, halafu wanalalamika kwamba mtoto bado anaamka. Kubaki robo ni kushuka desibeli 6 tu, sikio halijali sana. Ukitaka chini zaidi, omu 47 inashusha karibu 17. Spika ya omu 50 itahitaji rezista ya omu 120 au 150.

Nunua ya nusu wati au wati 1. Amplifaya ya wati 1 itaisukumia rezista ya omu 22 kama sehemu moja ya tano ya wati, kwa hiyo nusu wati ina nafasi ya kupumua. Pale Luthuli Avenue zimejaa, ni za shilingi chache, lakini soma rangi mwenyewe kabla ya kuondoka kaunta. Omu 22 ni nyekundu, nyekundu, nyeusi. Nyekundu tatu ni omu 2,200, na ukiifunga hiyo utadhani chombo kimekufa. Muuzaji ana haraka na foleni nyuma yako ni ndefu.

Sasa swali la kitasa cha kuzungusha. Unakitaka, najua, kila mtu anakitaka. Mimi sikupi. Kitasa kinachozunguka mpaka sifuri siku moja kitazungushwa na mgeni, au na mtoto wako huyo huyo akianza kutembea, na hutajua mpaka mtu amekuacha getini kwenye mvua. Badala yake weka swichi ndogo ya kupinda juu na chini, na uifunge sambamba na rezista: waya unatoka kwenye bodi, unapita kwenye rezista, unaingia kwenye spika, na swichi inaunganisha ncha mbili za rezista. Swichi ikipandishwa, njia yake inaungana, sauti inairuka rezista na spika inalia kwa nguvu zake zote. Ikishushwa, njia hiyo inakatika, sauti inapita kwenye rezista na kupungua. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba swichi ikiharibika, ikiingia kutu, ikilegea, bado kengele italia, japo kwa sauti ya chini. Hakuna nafasi yoyote ya swichi hiyo inayozima.

Na hapo pamba yako inapata dawa. Kwenye chombo chako kengele na sauti ya soja zinatoka spika moja, ndiyo maana ulipoziba moja uliziba zote mbili. Ukiwa na swichi, kengele italia chini, wewe utafika pale, utaipandisha, halafu uongee. Tena angalia kama kuna maikrofoni pekee, kidude cha fedha cha mviringo nyuma ya tundu dogo. Kama hakuna, basi spika hiyo hiyo ndiyo inayosikiliza unapobonyeza kitufe cha kuongea, na rezista itapunguza sauti yako pia. Soja ataanza kukuambia “Sikusikii, mama.” Pandisha swichi kabla ya kujibu.

Kama shemeji hatakubali kushindwa na anataka kitasa, akubaliane nami mambo matatu. Anunue cha waya uliosokotwa, cha omu 50 na wati 3, wala si cha kaboni. Na akifunge kwa miguu miwili, ule wa katikati akiuunganisha na ule wa pembeni usiotumika, ili mguso wa ndani ukiruka omu zote 50 zibaki kwenye njia badala ya njia kukatika. Atangulize rezista ya omu 8.2 ya wati 1 ili kitasa kisibebe mkondo wote kikiwa mwanzoni. Hapo atacheza kati ya desibeli 6 na 18 chini ya sauti ya sasa. Sauti kamili hataipata tena, lakini hiyo ndiyo mliyokuwa mnaikimbia.

Kazi ya mikono ni fupi. Kama waya wa spika una plagi ndogo, asiukate, atengeneze kipande cha waya chenye plagi ya kike na ya kiume kikae katikati. Kama umelehemiwa, afungue mguu mmoja tu wa spika, kwa moto wa sekunde mbili tatu, bisibisi za chuma zikiwa mbali na sumaku ya spika. Nimeona bisibisi ikivutwa na sumaku na kutoboa karatasi ya spika mbele ya mteja. Kila kiungo kivalishwe mpira wa kusinyaa. Wasitoboe kifuniko cha mwenye nyumba. Swichi ikae kwenye kisanduku kidogo cha plastiki chini ya chombo, waya upite kwenye mwanya uliopo. Na kabla ya kulehemu chochote, waunganishe kwa klipu za mamba, umeme urudishwe, soja apige. Jaribu omu 10, jaribu 22, jaribu 47. Sikilizia ukiwa jikoni, mfereji umefunguliwa na mlango umefungwa. Rezista utakayoisikia kutoka hapo, ndiyo yako.

Kuhusu depositi, intakomu ni mali ya mwenye nyumba. Mwandikie yeye au ajenti ujumbe kwenye simu, useme unachotaka kufanya na kwamba utakirudisha kilivyokuwa ukihama. Ajenti wengi hawajibu, lakini ujumbe una tarehe. Wakikataa, bado una njia isiyogusa waya hata mmoja: ondoa ile pamba, kata kipande cha kitambaa kizito cha sufu, kibandike nyuma ya nusu ya matundu badala ya yote. Si kazi ya fundi, ila itakusaidia mpaka mtoto azoee kelele za Nairobi kama sisi wengine.

*Mama Fundi, salaam. Mimi nina shida kinyume. Nina miaka 74, naishi South C, na intakomu yangu siku hizi inanong’ona. Ilianza baada ya jengo kupakwa rangi. Mjukuu wangu anasema tuongeze umeme kutoka volti 12 hadi 18 ili ipate nguvu. Kengele nayo ni ule mlio mwembamba, mara nausikia, mara siusikii.*
*— Mzee wa South C*

Shikamoo mzee. Jibu la kwanza umelitoa mwenyewe: rangi. Wapakaji hupitisha rola juu ya kila kitu, na matundu ya spika yakizibwa hata kidogo sauti hupotea. Usichokoe na sindano chombo kikiwa ukutani, utatoboa spika. Mjukuu atoe kifuniko, akitenge kabisa na spika, akiloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, kisha asukume rangi kutoka upande wa ndani kwa kijiti cha meno. Kikauke vizuri kabla ya kurudishwa. Kama upande wa getini nako walipaka, huko ndiko maikrofoni ya soja iliko, na sauti yake itafika imefifia hata spika yako ikiwa safi. Waulize jirani. Wote wakilalamika, shida iko getini, labda pia maji ya mvua yameingia kwenye viungo na kuvitia kutu, na hiyo ni kazi ya msimamizi, si ya mfuko wako.

Volti 18, hapana kabisa. Ndani ya bodi kuna kapasita (vidude vya kuhifadhi umeme) nyingi zilizoandikwa volti 16, na zikizidishiwa huvimba na kupasuka, tena si kwako tu, kwa kila nyumba inayokula umeme huo. Jambo la maana ni kupima kama zile volti 12 kweli zinafika. Ukikuta 9 wakati kengele inalia, kuna kiungo kibovu au transfoma imechoka, na kuitengeneza kutarudisha sauti bila kuunguza kitu.

Lakini kuhusu kengele, mzee wangu, nadhani chombo hakina kosa. Vile vipaza mlio vyembamba hulia kati ya hezi 2,000 na 4,000, na umri huanza kutunyang’anya sauti za juu kabla ya zile za chini. Hata ukivipandisha vitakuumiza masikio kabla ya kukufaa. Ving’ora vya moto vinavyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye usikivu hafifu hutumia mlio mzito wa hezi 520 kwa sababu hiyo hiyo. Mwambie mjukuu aangalie kwenye bodi kama kuna skrubu mbili za kengele ya ziada, vyombo vingi vinazo, na afunge hapo kengele ya ding-dong ya volti ile ile iliyoandikwa, au relei ndogo (swichi inayowashwa na umeme) ya kuwasha taa sebuleni. Taa ikiwa ya volti 12, mjukuu anaweza. Ikiwa ni taa ya stima, upande huo wa relei ufungwe na fundi mwenye leseni, na nyaya za stima zisiguse kabisa kisanduku cha intakomu. Ukitaka kengele ya pili jikoni, kwanza uliza chombo kinaweza kubeba kengele ngapi. Nyingi hubeba moja tu ya ziada.

*Mama Fundi, mimi ni soja Pangani. Wewe unawafundisha watu kupunguza sauti. Sisi huku chini tunapiga, mtu hajibu, halafu mgeni anatutukana na mpangaji anasema hatukupiga. Tufanyeje?*
*— Soja wa Pangani*

Soja, una haki ya kunung’unika. Ndiyo maana kule juu nimemkataza mtu kitasa kinachofika kimya.

Kwanza tambua kama mtu hasikii au kengele yake hailii. Muombe msimamizi siku moja ya Jumamosi asubuhi mpige kila nyumba mkiwa na daftari, mpangaji aseme amesikia au la. Nyumba isiyolia kabisa ina waya uliokatika, au mtu amekata kwa koleo, nao wapo. Nyumba zenye simu ya mkono, angalia kama mkono haujarudishwa vizuri mahali pake. Kwenye mifumo mingi nyumba hiyo hutaipata mpaka mkono urudi, na mwenyewe hajui. Majengo ya watoto wadogo huwa na hiyo kila wiki. Kama ni nyumba nyingi zisizolia kwa mpigo kwenye ghorofa moja, usihangaike na wapangaji, kiungo cha ghorofa hiyo kimekatika kwenye kisanduku cha ngazi.

Pili, piga mara mbili, subiri, kisha andika saa kwenye kitabu cha wageni mbele ya mgeni mwenyewe. Safu moja tu ya ziada inatosha: “imeitwa, haikujibu.” Mpangaji akisema hukupiga, mfungulie ukurasa. Na mwambie msimamizi aweke namba za simu za wapangaji waliokubali kwenye daftari linalofungiwa kibandani, lisiachwe wazi mezani ambapo kila boda anaweza kulisoma.